Boksi la Tatu la Njoo Kesho

Kijiwe chetu cha Miembeni ni benchi moja mbele ya duka la Haidari, fundi redio ambaye mtaa mzima unamwita Njoo Kesho, na kila aliyempelekea redio anajua kwa nini. Kahawa ni ya Mwajuma, na Mwajuma hapendi mtu wa kikombe kimoja. Wakili ni Gamaliel, aliyewahi kutoa ushahidi kwenye kesi ya mpaka wa shamba la migomba na hajapona mpaka leo. Satelaiti ni Rwekaza, anayejua ya Muleba kabla hayajatokea Muleba. Mimi ni mnywaji tu. Asubuhi hiyo Njoo Kesho alifungua duka, akakaa nasi bila kugusa hata bisibisi.

— Jana nimerudi nyumbani, sikukanyaga kitu.

Tulimwelewa. Ana watoto wawili, na kwa miaka sita hajavuka sebule bila kutobolewa na kigari. Jana sakafu ilikuwa tupu. Zuena, mkewe, alikuwa amepanga maboksi matatu ya sabuni ukutani. La kwanza limeandikwa MIPIRA, la pili MIDOLI.

— La tatu? — nikamuuliza.

— TATA. Herufi zimelala upande kama zimechoka. Nikamuuliza Zuena, akasema, soma mwenyewe.

Satelaiti akapuliza kahawa yake.

— Hapo kuna mgeni anakuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni gani wa kupangiwa midoli? — Wakili akamkata. — Tata ni utata. Ndani mna nini?

Njoo Kesho akahesabu kwa vidole: kigari kisicho na tairi, mdoli wa mkono mmoja, tochi iliyokufa, kinanda cha betri kinachotoa sauti moja.

— Vielelezo hivyo — akasema Wakili. — Vyote vibovu? Unashtakiwa, bwana.

— Wewe Mhaya gani? — Satelaiti akamcheka. — Tata si baba kwa Kihaya?

Hapo mambo yakaharibika. Njoo Kesho babu yake alitoka Tanga, na Kihaya chake kinaishia kwenye salamu. Alituambia kwa uchungu kwamba tangu mama mkwe akae kwao miezi mitatu, watoto wanaongea Kihaya mezani na yeye anabaki kama mpangaji. Satelaiti akauliza baba wa nani basi, maana watoto wakiwa mbele yake wanamwita baba, kwa Kiswahili. Akajijibu mwenyewe: baba yake Zuena, yule mzee wa Kagondo. Vitu vinahamia Kagondo kidogo kidogo, wanaanza na vibovu ili mwenye nyumba asishtuke.

— Haba na haba — akasema, akijisikia.

Wakili hakutaka kushindwa. Alisema mwanamke anayeondoka hapangi nguo, anapanga nyumba, ili watu wa mtaa wakija kuangalia waseme alikuwa mke safi. Usafi ni nusu ya imani, nusu nyingine ni nauli. Mimi nilitaka kucheka, ila Njoo Kesho alikuwa ameweka kikombe chini.

— Naogopa, jamani — akasema taratibu. — Wanangu wakienda Kagondo, nitabaki na maredio ya watu.

Mwishoni mwa benchi alikuwapo mtu wa Rubya, Ildefons, aliyekuja kufuata redio yake kwa mara ya nne, na kwa kumsubiri fundi alikuwa ameshakunywa vikombe viwili. Mwajuma alimpenda.

— Samahani — akasema. — Hivyo vitu vilipoharibika, watoto walimpelekea nani?

— Mimi.

— Ukawaambia nini?

Mwajuma akajibu kwa niaba ya fundi, bila kuacha kuosha vikombe.

— Kesho.

Ildefons akatikisa kichwa, si kwa ubaya. Aliuliza tena, kama mtu anayeuliza njia:

— Na ukiwa hupo, wakikutaja wao kwa wao, wanakuita nani?

Njoo Kesho alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Satelaiti, na Satelaiti, anayejua ya Muleba, akachungulia masimbi ya kahawa yaliyobaki kwenye kikombe chake. Nami nina watoto watano nyumbani. Nilijaribu kukumbuka wananiitaje nisipokuwapo, nikaona aibu.

— Zile herufi — akasema Njoo Kesho polepole. — Zuena ana mwandiko mzuri. Zile ni za watoto.

Akasimama. Akaingia dukani, akatoka na bisibisi, gundi na betri nne mpya, akafunga mlango saa tatu asubuhi.

— Na redio yangu? — akauliza Ildefons.

— Kesho — akasema fundi, tayari ameshavuka barabara.

Ildefons akaagiza kikombe cha tatu.