Aminieli Nkya, Nanga wa Timu ya Mwamba

Baba Mchungaji, wazee wa usharika, majirani wa Masama, na ninyi wageni mliokuja na basi la chama cha mchezo, poleni na msiba, tunaomba utulivu wenu. Historia hii imeandikwa kama alivyoisimulia mjane wa marehemu, mama Elinipendo, naye ameomba isipunguzwe hata neno.

Marehemu Aminieli Elisaria Nkya alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Masama, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Elisaria Nkya na mama Magdalena, ambao wote wamemtangulia, akabatizwa mwaka huohuo, na akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1983 hadi 1989. Sekondari hakwenda, kwa kuwa ng'ombe wa baba yake walihitaji majani na yeye ndiye aliyekuwa na mgongo wa kuyabeba, na mwaka 1993 mgongo huohuo ukampatia kazi mlimani, akawa mgumu, yaani mpagazi wa wageni, akipanda na mizigo ambayo wenzake waligawana wawili wawili. Tarehe 8 Desemba 2001 alifunga ndoa na Elinipendo, wakajaliwa watoto wawili, Brenda mwaka 2002 na Primus mwaka 2006.

Mashindano ya Taifa ya Kuvuta Kamba kwa Wanaume yalianza mwaka 1996 kule Dodoma, na kwa miaka mingi kombe lilikuwa la askari na wafanyakazi wa bandari, mpaka vijana wa Masama walipounda timu ya Mwamba chini ya nahodha wao, ndugu Godbless Swai, wakamweka Aminieli nyuma kabisa awe nanga, mtu wa mwisho kwenye kamba, ambaye akisimama yeye timu nzima imesimama. Mwamba wakalichukua kombe mwaka 2003, wakalichukua tena mwaka 2005, na kanuni ilisema timu itakayolichukua mara tatu itabaki nalo daima.

Fainali ya tatu ilichezwa Moshi mjini, Jumamosi tarehe 22 Septemba 2007. Wiki hiyo mazoezini nahodha alishauri kwamba wakizidiwa waachie kamba wote kwa pamoja, wapinzani waanguke na mvuto urudiwe, lakini marehemu alikataa, akasema, "Huo si mchezo, Godi, mtu ataumia." Hakuambiwa tena habari hiyo. Siku ya fainali nahodha mwenyewe ndiye aliyemfunga kamba kiunoni, akakaza fundo, akisema hivyo haitamteleza, na walipoanza kuzidiwa, mama Elinipendo, aliyekuwa amesimama kando na maji ya mumewe, Primus akiwa mgongoni, alimsikia nahodha akisema, bila kupaza sauti, "Achia." Saba wakaachia. Wanaume wanane wa upande wa pili wakaanguka chali kwa uzito wao wote, na kwenye kamba upande wetu alikuwa amebaki mmoja.

Marehemu akiwa bado anapakiwa kwenye gari, mvuto ulirudiwa, mchezaji wa akiba akashika nafasi yake, Mwamba wakashinda, na mama Elinipendo alizisikia shangwe akiwa ameshikilia kichwa cha mumewe mapajani. Uti wa mgongo ulikuwa umekatika, na marehemu hakusimama tena.

Mwaka uliofuata chama kilitunga kanuni inayomkataza mchezaji kujifunga kamba, na ndugu Godbless, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, alimwalika marehemu kila mashindano yalipofika Moshi, akawekwa na kiti chake cha magurudumu mbele ya vijana, mwamuzi akaisoma kanuni, akamwonyesha kwa kidole, akasema, "Msijifanye wajuaji kama huyu mzee." Marehemu aliinua mkono na kutabasamu. Mkewe alipomwambia alichokisikia siku ya fainali, marehemu alimwapisha asilitamke neno hilo popote, na alipomwuliza kwa nini anakubali kuchekwa, alimjibu, "Mama Brenda, nisipoenda watasahau kama niliwahi kushika kamba." Basi mama Elinipendo alimsukuma, akamwogesha, akamgeuza kitandani, akauza maziwa na ndizi, akasomesha watoto, akanyamaza.

Tarehe 27 Septemba 2025, kwenye mashindano ya Moshi, chama kilitaka picha, marehemu akapewa kamba aishike, na picha ilipokwisha akaomba aachiwe kamba hiyo kidogo. Vijana wa upande wa pili wakaivuta kwa utani. Alikuwa ameizungusha mkononi kwa mazoea, akang'ang'ania, akang'oka kwenye kiti, akaburutwa kifudifudi kwenye changarawe, na mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, "Nanga imeng'oka," watu wakacheka, mwenyekiti akacheka, na marehemu, mdomo umejaa vumbi, naye akacheka. Mkewe peke yake ndiye aliyeona suruali inalowa damu, mahali ambapo mwenyewe hakuweza kusikia maumivu.

Kidonda kile kilioza, sumu ikaingia kwenye damu, akalazwa. Ndugu Godbless alifika hospitalini mara moja tu, akiwa na mpigapicha. Marehemu alimwuliza, "Siku ile mliniachia kwa bahati mbaya?" akajibiwa, "Kaka, hayo ya zamani tumwachie Mungu." Marehemu akaomba ageuzwe atazame ukuta. Alifariki tarehe 19 Novemba 2025, asubuhi, mkewe akiwa pembeni yake.

Chama kimeomba isomwe hapa kwamba aliugua muda mrefu, na kwamba kombe jipya litaitwa kwa jina lake. Mama Elinipendo ameyasikia yote mawili, na ameyakataa yote mawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha kidonda bila kukunja uso, majirani waliowakatia ng'ombe wetu majani, na wagumu wenzake wa mlimani, waliokuwa wakija kumtoa nje apate jua. Timu ya Mwamba tunawashukuru kwa kufika, na tunawaomba mbaki mmekaa jeneza litakapoinuliwa, wabebaji wapo.

Lala kwa amani, Aminieli, hakuna wa kukuvuta tena.