Waya wa Maiki ya Evod

Ndugu waombolezaji, Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Kivukoni na ninyi mliotoka Mchombe na Mngeta, shikamooni mnaonizidi, wengine marahaba hata kama hamjaniamkia, mimi ni Yosefina, dada mkubwa wa marehemu, na kabla sijaanza kila mmoja aape moyoni kwamba nitakayosoma hayatatoka chini ya turubai hili, maana mimi mwenyewe nilimwapia marehemu kwamba sitayasema, na sasa nayasema. Sogeeni, waya wa maiki umepotea tangu asubuhi, nasoma kwa koo langu.

Evod Dionisi Matimbwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Kivukoni, baba yetu Dionisi akivusha watu kwa mtumbwi kabla ya daraja, akasoma shule ya msingi Ifakara kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akichapwa zaidi kwa kuimba kuliko kwa hesabu, kisha mwaka 1977 akapata kazi ya kubeba mizigo stesheni, na huko akasikia roki kwenye redio kaseti ya abiria, akarudi nyumbani hafai tena kwa jembe. Mwaka 1981 aliunda bendi ya Mamba wa Kivukoni, watu wakaja kwa treni kutoka Mlimba kumsikia akipiga kelele zile, na mwaka 1993 bendi ikafa, wenzake wakatawanyika, naye akahamia Mchombe kulima mpunga.

Tarehe 22 Juni 1985 alifunga ndoa na Agnella, wifi yangu huyu aliyekaa kwenye mkeka, Mungu akawajalia Rosemery, Anold na Fredy.

Januari 2025 alianza kuumwa koo, hospitali wakaona uvimbe, daktari akamkataza kupaza sauti, na yeye, kwa kichwa kile mnachokijua, aliporudi tu akatangaza kwamba anaifufua bendi. Fredy akashika gitaa la besi, Merina, mwanakwaya wetu, akaja na kinanda chake, na kwenye drams akaja Limbu, kijana wa Kisukuma mwenye mkono mzito na adabu nyingi. Evod aliniambia, “Dada, sauti hii inaondoka, nataka iondokee jukwaani.”

Lakini kila siku ya mazoezi waya wa maiki ulipotea. Agnella analeta vitumbua, watu wanakula, wakinyanyuka waya haupo. Lawama ikamwangukia Limbu, si mnatujua, ng'ombe akiingia shambani ni Msukuma, waya ukipotea ni Msukuma. Fredy akamwambia mbele za watu, “Umeenda kufungia ndama!” Kijana akajibu, “Kaka, ndama hafungwi kwa waya, atajikata.” Tulicheka, aibu yetu.

Siku moja Evod alinivuta pembeni. “Waya uko kwenye pipa la mpunga, dada. Ni mama watoto. Nautoa usiku, nasema nimenunua mwingine. Nyamaza, niapie, mwache anizuie, nani mwingine ananitaka hai namna hii? Limbu nitamsafisha mwenyewe jukwaani.”

Jumamosi tarehe 30 Agosti, Mchombe, mavuno yameisha, uwanja umejaa, Fredy ameshamfukuza Limbu, na waya haupo, hata kwenye pipa Evod alikuwa ametafuta asiupate. Limbu yuko kwao na waya umepotea, mwenye akili angejiuliza hapo. Hakuna aliyejiuliza, na mimi niliyejua nilikuwa nimeapa. Evod akawanyamazisha wapigaji, akaimba kwa mdomo mtupu, ubeti wa pili sauti ikakatika, uwanja mzima ukamalizia wimbo, naye amesimama mdomo wazi, jina la Limbu limemkwama kooni. Hakuzungumza tena hadi alipofariki Jumanne tarehe 16 Septemba 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika, wanakwaya, na wanabendi waliotaka leo wampigie wimbo wake wakati jeneza linatoka. Lakini asubuhi waya ulipopotea, Fredy alimkunja Limbu shati pale getini, msibani, na kijana wa watu amekaa kwenye uzio mpaka sasa, kama mwizi.

Basi Agnella, wifi yangu, daktari aliniambia uvimbe ulikuwa umeshamaliza kazi yake, si kuimba kulikomuua, wala si wewe, lakini inuka kidogo. Inuka, mama. Wanawake, mshikeni mkono. Mnaona kinachoning'inia chini ya kitenge? Hicho si ushanga.

Usilie, najua ulitaka azikwe nao wasimwite tena jukwaani. Fredy, kamwombe mwenzako radhi, na wewe Agnella mpe Limbu waya kwa mkono wako, achomeke.

Evod, mdogo wangu, pumzika kwa amani, leo hakuna wa kukuzimia maiki.