Pindo la Joho Jekundu

Baba paroko, ndugu na majirani wa mtaa wa Prijeko, mimi ni Mare, kitinda mimba wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha ya mama yetu, Pera Bratoš, ingawa kusoma bila kulia sikuahidi.

Mama alizaliwa Cavtat tarehe 3 Februari 1752, sikukuu ya Mtakatifu Vlaho msimamizi wetu, enzi ambazo Jamhuri yetu ya Dubrovnik, ndogo na isiyo na jeshi la kumtisha mtu, ilikuwa na meli katika kila bandari, na wafalme wakubwa wakitaka urafiki wetu. Shule yake ilikuwa sindano, aliyofundishwa na shangazi yake, na tarehe 1 Februari 1777 aliajiriwa Ikulu kulitunza joho jekundu la Mkuu wa Jamhuri, na kwa kuwa kila Mkuu alitawala mwezi mmoja tu asije akanogewa, na joho lilikuwa moja, mama alilikunja na kulikunjua pindo mara mia tatu sabini na mbili, kwa warefu, kwa wafupi, na kwa waliorudi zamu nyingine na vitambi.

Aliolewa na baharia Miho tarehe 12 Mei 1779, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1806 Wafaransa waliingia, Warusi wakatupiga mizinga, meli zetu zikapotea, na baba akafa mwaka uliofuata kwa uchungu.

Tarehe 31 Januari 1808 afisa wa Kifaransa aliwasomea wazee wetu karatasi kwamba Jamhuri imekwisha, wakati mama yuko nyumbani akimshonea pindo Mkuu wa Februari. Askari walipolifuata joho wakitishia kumfunga, nami nikichungulia nyuma ya mlango, aliwaambia, “Mwambieni bwana wenu aje nimpime, likimtosha ni lake,” wakacheka, wakamwona kichaa, wakaondoka wasirudi tena. Nilijivunia kuwa mwanawe.

Alipofuka mwaka 1815, tulipokabidhiwa kwa Waaustria, kisha akaugua kifua, hadi alipofariki tarehe 9 Machi 1819. Siku zake za mwisho tulimwambia tutamzika na joho, akatukaripia, “Nyie mna akili kweli? Akija Mkuu mpya, avae nini?”

Tunamshukuru daktari Luko, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa Ikulu waliolibeba jeneza.

Pumzika, mama, joho liko sandukuni, na sindano uliyoiacha kwenye pindo la Februari hatujaichomoa.