Karatasi Iliyokuwa Mfukoni mwa Koti la Mchungaji

"Mimi sina cha kuficha, si kwa Mungu, si kwa watu."

Wasikilizaji wapendwa, hayo yalikuwa maneno ya fundi cherehani tunayemkumbuka leo, Mzee Sindano. Aliyasema kila siku, pini zikiwa mdomoni, na hakuna hata moja iliyodondoka. Sasa sikilizeni alichokuwa anaficha.

Mzee alikuwa na utaratibu wake. Nguo ikiisha, anatia mfukoni mwa nguo hiyo karatasi ya vipimo vya mteja, nguo zisije zikachanganyika. Na kila Jumamosi mchana, akishafunika cherehani, anachukua karatasi ya aina ileile, anajipima mwenyewe. Si kiuno. Moyo. Anaandika makosa yake ya wiki nzima, anaichomeka ndani ya Biblia ili ayatubu nyumbani. Hajui mtu. Hata mkewe hajui.

Jumamosi moja Mchungaji akaja kuchukua koti lake jipya. Jioni Mzee akapiga magoti, akafungua Biblia atubu. Akasoma: "Kifua, inchi arobaini na nne. Tumbo, hamsini. Asiambiwe."

Wasikilizaji, akaigeuza karatasi, akaisoma tena. Vipimo vya Mchungaji vimo ndani ya Biblia. Dhambi za Mzee ziko wapi? Zimo ndani ya koti la Mchungaji!

Kesho yake ibadani Mzee kakaa benchi la tatu, shati limemganda mgongoni. Anaomba jambo moja tu: Mchungaji asihitaji leso.

Mchungaji akapiga chafya.

Leso ikatoka na karatasi. Akaisoma kimya. Akairudia. Akavua miwani.

"Ndugu zangu, kuna mtu kaniandikia ukweli wangu. 'Naimba kwa nguvu ili watu wanisikie.' Kweli. 'Nawasengenya wenzangu, halafu nasema tuwaombee.' Kweli. 'Nimekula nyama ya akiba, nikamsingizia paka.'" Akakuna kichwa. "Hili la paka sijui kalijuaje. Ndugu zangu, sifai kusimama hapa. Leo nashuka, na sipandi tena."

Akafunga kitabu chake. Akina mama wakaanza kulia.

Mzee angenyamaza, nani angejua? Karatasi haikuwa na jina. Lakini kanisa lilikuwa linampoteza mchungaji wake, na mwenye karatasi amekaa palepale anaangalia viatu. Akasimama.

"Mchungaji, naomba unirudishie. Hizo ni zangu."

"Zote?"

"Zote. Hata paka."

Mkewe akageuka polepole. Mama huyo ninaye hapa studioni.

"Paka yule nilimfukuza mimi, mwanangu," anasema. "Kwa ufagio. Wiki nzima analala nje."

"Na Mzee ukamfanyaje, Mama?"

"Nilimsamehe. Baada ya kumtuma akamtafute paka amwombe radhi."

Mchungaji naye hakushuka. Aliitazama karatasi akasema, "Fundi, zako hizi, lakini zimenikaa sawasawa, hazihitaji kupunguzwa." Tangu siku hiyo, kila Jumamosi mchana, wawili hao walikaa kibandani kwa fundi, kila mmoja akimsomea mwenzake karatasi yake. Walifanya hivyo miaka kumi na tisa, mpaka Mzee alipofariki wiki iliyopita.

Je, alibadilika?

"Kujisifu aliacha kabisa," anasema Mama. "Nyama hakuacha. Ila alianza kusema mwenyewe kabla sijafunua sufuria."

Mama, pole sana. Poleni watoto, wajukuu na kanisa zima. Mungu awafariji, na ampumzishe Mzee wetu kwa amani. Nasi wasikilizaji wapendwa, tumuenzi kwa dakika moja ya ukimya. Kila mtu ajichunguze yeye mwenyewe, si jirani yake. Mimi naanza.

...

Amina. Kwa kweli nimejitazama mpaka ndani kabisa, hadi machozi yamenilenga—

"Mwanangu."

"Naam, Mama."

"Dakika haijafika. Na ulikuwa unachati. Nimekuona ukicheka."