Wadudu Wanaochagua Magugu

"Wadudu uliopewa na bwana shamba wamemaliza magugu ya shamba lako, ya kwangu wameyapita kama hawayaoni!" muuza kabichi alimfokea jirani yake ndani ya basi.

"Mama Pacha, bwana shamba kasema yanafanana sura tu. Ya kwako asili yake nchi nyingine, na wadudu hawa wanakula ukoo mmoja tu wa magugu."

Dada mmoja fundi cherehani, aliyekuwa akisikiliza kiti cha nyuma, akachanganyikiwa. Magugu nayo yana ukoo?

"Ukoo huo ukiisha, si watahamia kabichi zinazosomesha wanangu?"

"Hawali kabichi."

"Umewauliza?"

Jirani akajikuna kichwa. "Watakufa njaa... nadhani."

Basi likasimama.

"Eti unadhani! Shuka, twende nyumbani ukazile kabichi wewe kwanza, kabla ya hao wageni wako. Na wewe dada uliyetega sikio, karibu."