Mlinzi wa Lango la Kwanza

Fundi: Haloo? Ni nani?

Dada: Dada yako. Nimeazima simu ya jirani, maana yangu hupokei.

Fundi: Shikamoo, dada. Nilikuwa studio—

Dada: Shikamoo yako kaa nayo. Mashine mpya ya gemu imefika, na hiyo gemu yenu mliyoifufua. Umemfanya nini baba?

Fundi: Mtandao unakata—

Dada: Haukati. Nakusikia unavyopumua.

Fundi: Mama amefika lango la kwanza?

Dada: Kwani huwa anakwenda wapi kwingine? Miaka yote anasimama mbele ya mlinzi asikie sauti ya baba, "Nani hapo? Pita, mwanangu." Gemu ya vita, na hajawahi kupiga risasi hata moja. Tangu tumzike baba hatuna sauti yake nyingine. Mashine ya zamani ilipokufa akasubiri miaka mitatu, kwa sababu wewe ulimwahidi gemu itarudi. Leo mlinzi kafungua mdomo, katoka kijana anasoma kama mtangazaji wa habari.

Fundi: Yule ni mwigizaji. Wakubwa walitaka sauti safi. Ile ya baba tuliirekodi jikoni, friji inanguruma, kikohozi—

Dada: Kikohozi ni cha baba.

Fundi: Najua.

Dada: Unajua. Kuta mmezipaka upya, mpaka madimbwi yanameta. Mtu mmoja tu ndiye amewashinda kubeba? Nani alimwandika kwenye orodha ya kubadilishwa?

Fundi: Dada, sikiliza—

Dada: Nani?

Fundi: Mimi.

Dada: Wewe mwenyewe?

Fundi: Kusafisha sauti ni kurudia, dada. "Pita, mwanangu," mara mia mbili kwa siku, hedifoni masikioni. Nikiondoa kikohozi, na yeye anaondoka. Nikikirudisha, niko naye wodini tena. Wiki ya tatu nikashindwa. Nikaandika: imeharibika, itafutwe nyingine. Hakuna aliyeniuliza.

Dada: Ukaifuta?

Fundi: Ningeifutaje? Ninayo hapa.

Dada: Basi irudishe. Na kikohozi chake, na friji yake.

Fundi: Gemu imeshatoka. Itabidi niwaambie wakubwa kwamba nilidanganya, wanaweza kuni—

Dada: Waambie. Nina hasira na wewe, lakini mimi nitapoa. Mama huyu hapa sebuleni je?

Fundi: Anasemaje?

Dada: Hajalalamika. Kaweka kidude cha kuchezea mapajani, askari wake wa gemu kasimama pale pale langoni. Anasema huyu kijana anashikilia zamu tu. Baba atarudi zamu ikibadilika.

Fundi: Dada...

Dada: Salio la watu linaisha. Ananiuliza zamu inabadilika lini. Nimwambie lini?

Fundi: Mwambie asizime. Mwambie naingia kwa wakubwa sasa hi—

(Simu inakatika.)