Pamela na Babu wa Kiti cha Dirishani

Basi la Dar es Salaam lilipopita Madaba, Pamela, wa miaka mitatu, alikuwa ameshamaliza pakiti mbili za juisi, zile zilizojaa madukani mtaa wa Majengo, Songea, tangu biashara iachiwe huru. Mzee aliyekaa kiti cha dirishani, ubavuni mwao, akashindwa kunyamaza.

"Mwanangu, safari ndefu mtoto hanyweshwi," alimwambia Walburga, mama wa mtoto. "Mimi nimesafiri na watoto saba mpaka Tunduru, wote wakavu."

Walburga alikuwa anachemka moyoni, lakini adabu ni adabu. "Hongera, baba. Na aliyewapakata ni wewe?"

Mzee akakohoa. "Mama yao. Mimi nilikaa mbele na dereva."

Viti vya nyuma vikaangua kicheko. Pamela naye akamnyooshea mzee mikono, na kwa macho yale yote yaliyomtazama, mzee hakuwa na ujanja. Akampakata.

"Babu," mtoto akasema, "mkojo."

"Dereva! Simama tuchimbe dawa! Simama!"

Basi likasimama kwa kishindo. Mzee akashuka mbio, mtoto kamwinua mbali na koti lake, huku akipiga kelele, "Si nilisema?"

Walburga alikuwa ananyoosha miguu, kwa mara ya kwanza tangu Songea.